Benki imenikata ada mara 13 nikiwa sina salio: je, ninaweza kudai nirudishiwe?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka na mafuta ya alizeti, ninaishi Nkuhungu, Dodoma. Agosti 2024 nilichukua mkopo wa shilingi 6,000,000 wa miezi 24, rejesho ni 320,000 kila tarehe 5. Nililipa vizuri mpaka Februari 2025. Mume wangu alikuwa amepata ajali ya pikipiki, fedha za mtaji zikaishia kwenye matibabu, na kuanzia Machi akaunti haikuwa na salio la kutosha. Tangu hapo benki inakata ada kila inapojaribu kuchukua rejesho ikakosa. Niliweka 40,000 za mahitaji ya shule ya mtoto, nikakuta zimebaki 14,040. Kaka yangu anayeishi Leicester, Uingereza, ananiambia kwao watu walirudishiwa fedha za namna hii. Je, na mimi ninaweza kudai? Na nikidai, hawatakuja kuchukua kiwanja nilichoweka dhamana?

Jibu: Marahaba, mama. Pole sana kwa ajali ya baba watoto na kwa yote yaliyofuata. Nimeipitia taarifa ya akaunti uliyoniambatanishia, ya Februari hadi Mei 2025, pamoja na mkataba wako wa mkopo na kipeperushi cha tarifu ya gharama ulichokichukua pale tawini. Jibu fupi ni kwamba unaweza kudai, lakini si kila kilichokatwa. Kwa hesabu yangu kuna shilingi 208,100 ambazo una hoja ya kuzidai kama haki yako, na kuna kiasi kingine ambacho huna msingi wa kukidai ila unaweza kukiombea msamaha kwa sababu ya hali uliyonayo. Kudai na kuomba ni mambo mawili, na wateja wengi hukosa yote mawili kwa kuyachanganya katika barua moja.

Nianze na maneno ya kaka yako, maana yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba Uingereza, miaka ya 2006 na 2007, wateja wengi waliandikia benki zao wakidai warudishiwe ada walizokatwa kwa kuzidisha salio au kwa malipo yaliyoshindikana, na benki nyingi zilikuwa zikilipa kimya kimya ili zisifike mahakamani. Baadaye shauri la mfano lilifunguliwa, na tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kwa upande wa benki: ada zile zilihesabiwa kuwa sehemu ya bei ya huduma, kwa hiyo mamlaka ya ushindani isingeweza kuzipima kwa kigezo kwamba ni kubwa mno kulingana na huduma iliyotolewa. Baada ya hukumu hiyo, njia iliyobaki wazi zaidi ilikuwa ya wale walioweza kuonyesha kwamba wako katika hali ngumu ya fedha na kwamba benki, ikijua hivyo, iliendelea kuwapandishia ada juu ya ada. Utaratibu wenyewe wa ada hizo ulibadilishwa Aprili 2020. Sheria ile ni ya kwao na haikusaidii wewe hapa, ila kuna jambo la kujifunza ndani yake: hoja ya kwamba ada ni kubwa ni dhaifu, na hoja ya kwamba benki haikufuata mkataba wake yenyewe ni nzito. Huo ndio mstari nitakaoufuata.

Sasa tuifungue taarifa ya akaunti. Mimi huwa naisoma nikiwa na kalamu mbili, nyekundu kwa makato ambayo hayana maelezo ndani ya mkataba wala tarifu, na bluu kwa makato yaliyo halali lakini yanayoumiza. Kwenye karatasi zako, mstari wa kwanza mwekundu ni wa tarehe 28 Februari: "bima ya mkopo 60,000." Bima hiyo ulikwisha kukatwa Agosti 2024 siku mkopo ulipoingia, asilimia 1 ya milioni 6, na mkataba wako unasema italipwa mara moja kwa muda wote wa mkopo. Hata kama ingekuwa ya kila mwaka, mwaka ungetimia Agosti 2025, siyo Februari. Hapa hakuna mjadala. Ni kosa la mfumo au la mtu aliyebonyeza mara mbili, na shilingi 60,000 zako zinatakiwa kurudi.

Mstari wa pili mwekundu umejificha zaidi, na nakiri kwamba nami niliusoma mara tatu. Tarehe 30 Aprili umekatwa "riba ya adhabu 96,000." Kifungu cha mkataba wako kinasema riba ya adhabu ni asilimia 2 kwa mwezi "ya kiasi kilichochelewa kulipwa." Kufikia siku hiyo ulikuwa umechelewesha marejesho mawili, la Machi na la Aprili, yaani 640,000, na asilimia 2 yake ni 12,800. Hiyo 96,000 imetoka wapi? Gawanya kwa 0.02 utapata 4,800,000, ambalo ndilo salio lote la mkopo wako kwa tarehe hiyo. Mfumo umekutoza adhabu juu ya fedha ambazo muda wake wa kulipwa ulikuwa haujafika. Tofauti ni 83,200, nayo pia ni ya kudai. Kosa hili lina tabia ya kujirudia kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo taarifa ya Juni ikitoka, fanya hesabu hiyo hiyo kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Tufike kwenye ada iliyokufanya uandike. Tarifu inasema: "Agizo la malipo lililoshindikana kwa kukosa salio, 5,000 kwa kila agizo, kabla ya kodi." Wewe unaona 6,490 ukadhani umeongezewa kinyemela. Hapana, kwenye ada za benki Serikali hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, ikawa 5,500, na juu ya hapo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni 990. Jumla ni 6,490. Riba yenyewe haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, ada ndiyo inayotozwa. Nalieleza hili kwa sababu benki ikikubali kurudisha ada, inapaswa kurudisha pamoja na kodi iliyoikata juu yake, na nimewahi kuona mteja akirudishiwa 5,000 kwa kila mstari huku zile 1,490 zikiachwa zipotee bila neno.

Hoja yenyewe iko kwenye neno "agizo." Ulipochukua mkopo ulisaini agizo moja la kudumu: kila tarehe 5 benki ichukue 320,000. Kwa mwezi hilo ni agizo moja. Lakini mfumo ulijaribu tarehe 5 Machi, ukakosa, ukajaribu tena tarehe 6, tarehe 10 na tarehe 17, na kila jaribio likazaa 6,490. Aprili ulijaribu mara 5, Mei mara 4. Majaribio 13 kwa maagizo 3. Tarifu haisemi "kwa kila jaribio," inasema "kwa kila agizo," na maneno yenye utata katika karatasi iliyoandikwa na benki peke yake hayapaswi kusomwa kwa kumwumiza aliyepewa tu asaini. Ada 3 zina msingi, na 10 hazina. Mara 6,490, ni 64,900. Ukijumlisha na 60,000 na 83,200 unapata zile 208,100.

Unaona pia kilichozipata zile 40,000 zako. Ada nne za Machi zilikuwa zimekaa mlangoni zikisubiri, jumla 25,960, na fedha ilipoingia tu zikachukuliwa zote. Zikabaki 14,040, ambazo hazitoshi rejesho, kwa hiyo mfumo haukuligusa deni. Uliweka 40,000 na malimbikizo yako hayakupungua hata shilingi moja. Hili ndilo jambo ninaloliona kuwa baya kuliko ada yenyewe, na liandike katika barua kwa tarakimu hizo hizo, kwa sababu afisa anayesoma malalamiko ishirini kwa siku husimama anapokutana na hesabu anayoweza kuihakiki kwenye kompyuta yake kwa dakika mbili.

Kuhusu sheria, nitakutajia tatu tu, maana barua iliyojaa vifungu huonekana imenakiliwa mahali. Ya kwanza ni Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, ambazo zinaitaka benki imtendee mteja kwa haki, imweleze gharama kwa uwazi, na iwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Ya pili ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74: mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa na atakayeuvunja, anayedai hupata fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho, wala si lazima apewe kiasi chote kilichotajwa. Kifungu hiki kinakupa nafasi ya kuuliza swali jepesi lenye uzito: jaribio la saa nane za usiku linalofanywa na kompyuta, siku moja baada ya jingine lililokosa, limeigharimu benki nini? Sikuahidi kwamba hakimu atakubaliana nawe. Benki itajibu kuwa hiyo ni ada ya huduma na si adhabu, na jibu hilo lina mashiko yake. Ndiyo maana hoja ya kwanza ibaki ile ya neno "agizo," na hii ya kifungu cha 74 iwe ya pili. Ya tatu ni Sheria ya Ukomo wa Muda, inayotoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba. Una nafasi ya kutosha, ingawa kumbukumbu za tawi na maafisa waliokuhudumia hazidumu miaka 6.

Sasa barua. Kabla ya kuanza kazi hii ya ushauri nilikaa kwenye dawati la mikopo la benki moja kwa miaka 11, na nikuambie tulivyokuwa tukifanya. Barua ikija imeandikwa "naomba mnifikirie, nina matatizo, na pia mmenikata kimakosa," tuliipeleka kwa afisa mikopo, naye alijibu lile la kufikiriwa: tumesikitishwa na hali yako, hata hivyo masharti ya mkopo yanabaki kama yalivyo. Lile la makato ya kimakosa halikujibiwa na mtu yeyote, maana barua ilikuwa imekwisha kuwekwa kwenye jalada la maombi. Barua iliyoandikwa "malalamiko" au "dai" ilikwenda kwenye rejista nyingine kabisa, ikapewa namba, na mtu fulani akawa na wajibu wa kuifunga. Kwa hiyo andika barua mbili, karatasi mbili, siku moja.

Ya kwanza iwe fupi na isiwe na huzuni ndani yake. Unaweza kuiandika hivi:

"Yah: Malalamiko na dai la kurejeshewa shilingi 208,100. Mimi ni mteja wa tawi lenu na nina mkopo wa biashara nilioupokea Agosti 2024. Ninadai kurejeshewa makato yafuatayo. Kwanza, bima ya mkopo 60,000 iliyokatwa tarehe 28 Februari 2025, ambayo ilikwisha kulipwa siku ya kupokea mkopo. Pili, 83,200 zilizozidi katika riba ya adhabu ya tarehe 30 Aprili 2025, iliyokokotolewa juu ya salio lote la mkopo badala ya kiasi kilichochelewa, kinyume na mkataba wetu. Tatu, 64,900 ambazo ni ada 10 za majaribio ya kurudia ya agizo lile lile, wakati tarifu yenu inaruhusu ada moja kwa kila agizo. Nimeambatanisha taarifa ya akaunti yenye mistari husika iliyotiwa alama. Ninaomba namba ya usajili wa lalamiko hili na jibu la maandishi kwa kila kipengele."

Neno "kwa kila kipengele" usiliache. Bila hilo utajibiwa kuhusu bima, ambayo ni rahisi, na mengine yatapita.

Barua ya pili ndiyo ya hali yako, na hii iandike kwa ukamilifu bila kuona aibu. Ambatanisha fomu ya polisi ya ajali (PF3), risiti za hospitali na karatasi ya daktari inayoonyesha muda ambao mumeo hatafanya kazi. Kisha tengeneza karatasi moja ya mapato na matumizi, ya kweli, kama vile unavyojihesabia mwenyewe usiku baada ya kufunga: mauzo ya wastani ya mwezi, mtaji unaorudi kununua mzigo Kibaigwa, kodi ya fremu, chakula, shule, dawa, na kinachobaki. Umeniandikia kwamba kinabaki kama 150,000. Basi omba mkopo upangwe upya: ulipe 150,000 kwa miezi 6, kisha urudi kwenye rejesho la kawaida huku muda wa mkopo ukisogezwa mbele. Omba pia majaribio ya kurudia yasimamishwe, ada 3 zilizobaki zisamehewe, na riba ya adhabu isitishwe katika kipindi hicho. Nikueleze wazi kwamba kupanga upya mkopo si bure; muda ukirefuka, riba utakayolipa kwa jumla inaongezeka, na benki nyingine hutoza ada ya kufanya marekebisho hayo. Uliza ni kiasi gani kabla ya kusaini. Hata hivyo, kwa mtu aliye mahali ulipo, kulipa zaidi kwa muda mrefu ni nafuu kuliko kukatwa ada kila wiki kwa deni lisilopungua.

Nimeona umeandika, kwenye ukurasa wa nyuma, kwamba jirani wa sokoni amekuonyesha mahali pa kupata 300,000 za haraka ili "uzime" rejesho la Machi. Ile ni kausha damu, mama, mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya. Usiiguse. Deni la benki linakuumiza lakini lina mkataba, lina kanuni na lina mahali pa kulalamikia.

Barua zote mbili zipeleke mwenyewe tawini, kila moja na nakala yake, na usiondoke kabla nakala zako hazijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukiambiwa "acha tu hapa, meneja ataiona," jibu kwa upole kwamba utasubiri muhuri. Siku nyingine chukua muda kumwona meneja wa tawi ana kwa ana kuhusu ile barua ya pili tu. Barua ya kwanza haihitaji maongezi, inahitaji namba. Kila ukipiga simu, andika kwenye daftari tarehe, saa, jina la uliyeongea naye na alichosema.

Benki ikikataa, au ikikaa kimya kupita muda uliotajwa kwenye utaratibu wake wa malalamiko, hatua inayofuata ni Benki Kuu ya Tanzania. Wewe una bahati ambayo msomaji wa Manyoni au Kondoa hana, kwa kuwa ofisi yake ipo hapa hapa mjini, Barabara ya Jakaya Kikwete. Asiyeweza kufika anaweza kutumia mfumo wa mtandaoni uitwao Sema na BoT. Watakachokuuliza kwanza ni kama ulilalamika kwa benki yako na ilikujibu nini, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri itakapofanya kazi. Peleka ile ya dai peke yake. Benki Kuu inaweza kuibana benki ijieleze kwa nini ilikwenda kinyume na mkataba wake. Kukulazimishia msamaha wa deni halali si kazi yake. Mahakama ipo pia, lakini kwa 208,100 nisingekimbilia huko, na ukifungua kesi usitegemee Benki Kuu iendelee na lalamiko lile lile. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuandika, watoa huduma ya msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo Dodoma na huduma yao ni bure kwa wasio na uwezo. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Kuhusu kiwanja. Kulalamika hakumpi mkopeshaji haki ya kuuza dhamana ambayo hakuwa nayo jana, na vilevile hakumwondolei ile aliyo nayo. Ukiwa umechelewesha marejesho, benki inaweza kuanza hatua hata kama lalamiko lako bado liko mezani. Lakini kwa kiwanja chenye hati kilichowekwa rehani, Sheria ya Ardhi inaitaka ikupe kwanza notisi ya siku 60 inayoeleza ulichokosea na namna ya kurekebisha. Haiwezi kuja na mnada wiki ijayo. Ndiyo maana nataka barua zako ziwe zimepokelewa mapema, kabla ya notisi yoyote, ili kiasi chochote kitakachoandikwa humo kikiwa na hizo 208,100 ndani yake, iwe imeandikwa kwamba ulikwisha kukipinga. Na endelea kulipa unachoweza. Mkopaji anayelipa 150,000 kila mwezi huku akilalamika anatazamwa tofauti kabisa na aliyenyamaza na kuzima simu. Nimekaa kwenye vikao hivyo, najua ninachokisema.

Njia ya kulipa hiyo 150,000 nayo ina ujanja wake. Ukiiweka kwenye akaunti kama kawaida, ada zilizo mlangoni zitaila kwanza, kama zilivyokula zile 40,000. Muulize afisa mikopo namna ya kulipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, na kwenye hati ya malipo uandike "marejesho, malimbikizo ya Machi 2025." Fedha za shule na za chakula ziweke mahali pengine, kwenye akaunti ya benki isiyo na mkopo wako, au kwenye kikundi chenu. Wapo watakaokuambia huko ni kukwepa deni. Si kukwepa, mradi kwenye ile karatasi ya mapato na matumizi hukuficha kitu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifuatilii: benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye taasisi za taarifa za mikopo, kama Creditinfo Tanzania, na benki nyingine huzisoma kabla ya kukukopesha. Dai lako likikubaliwa, omba kwa maandishi kwamba kiasi cha malimbikizo kilichoripotiwa kirekebishwe pia. Vinginevyo utarudishiwa fedha na sifa mbaya ibaki.

La mwisho ni siku watakayokuita. Mara nyingi mteja wa namna yako huitwa tawini, akaambiwa benki imeamua kumrudishia, tuseme, 60,000 za bima "kwa nia njema," na akapewa karatasi ya kusaini. Isome yote, na kama ni ya Kiingereza omba ikaelezwe kwa Kiswahili au uende nayo nyumbani. Tafuta maneno yanayosema kwamba umepokea kiasi hicho kwa kumaliza madai yako yote. Yakiwemo, usisaini ilivyo. Andika kwa mkono juu ya sahihi yako, "Nimepokea 60,000 kwa ajili ya bima peke yake, madai ya 83,200 na 64,900 yanaendelea," na uombe nakala. Wakikataa kupokea karatasi yenye maneno hayo, iache juu ya meza bila sahihi. Uliza pia fedha hiyo inaingia wapi, maana ikiingia kwenye akaunti yako ya kawaida leo jioni, kesho asubuhi ada zitakuwa zimeichukua. Iingizwe kwenye malimbikizo ya mkopo, na upewe karatasi inayoonyesha malimbikizo yalikuwa kiasi gani kabla na yamebaki kiasi gani baada.